Kuchuja barua pepe mlangoni: programu-jalizi za seva na barua za Kiswahili

Kila barua pepe inayofika katika chuo kikuu hupita kwanza mikononi mwa programu moja ambayo wapokeaji wengi hawaijui hata kwa jina. Programu hiyo huitwa seva ya barua. Kazi yake ni ile ya karani wa posta: kupokea mfuko, kusoma anwani, kuhakikisha kwamba mpokeaji yupo, kisha kuitia kila barua katika sanduku lake. Ila karani huyo aliumbwa akiwa mwepesi mno wa kuamini watu. Kanuni za mazungumzo yake, zilizoandikwa na Jon Postel mwezi wa Agosti 1982 na kujulikana kwa kifupi SMTP, hazikumpa njia yoyote ya kuthibitisha kwamba mleta barua ndiye yule anayejitaja. Aliyebisha hodi alifunguliwa, na jina alilolitaja liliandikwa kama alivyolitaja. Watumiaji wa mtandao wa siku zile walikuwa watafiti wachache, wengi wao wakijuana, na kufungafunga milango kungeonekana kuwa utovu wa adabu.

Hata hivyo taka zilikuwa zimekwisha kuonja mlango huo. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alipeleka tangazo moja kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET kwa mkupuo mmoja. Alikemewa, na jambo likanyamaza kwa miaka mingi. Mnamo Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza katika maelfu ya vikundi vya Usenet tangazo la huduma zao kuhusu bahati nasibu ya vibali vya kukaa Marekani. Kuanzia hapo gharika haikuzuilika tena, ikahamia kwenye barua pepe, na karani mwepesi wa kuamini akahitaji msaidizi wa kukaa naye mlangoni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msaidizi huyo anavyoongezwa katika seva, na kwa nini suala hilo, ambalo kwa sura ya nje ni la mafundi peke yao, linawagusa pia wasomi wa Kiswahili. Chujio la barua ni msomaji. Husoma barua kabla ya mwenye barua, huitolea hukumu, na mara nyingi hukumu hiyo haina rufani. Na msomaji huyo, kwa jinsi alivyolelewa, hajui Kiswahili.

Maneno ya kazi

Kiswahili kina maneno zaidi ya moja kwa kazi hii, na tofauti zake si za bure. Kuchuja ni kwa vitu vya majimaji: chai, tui, pombe, kinachopita hutakiwa, kinachobaki hutupwa. Kuchekecha ni kwa unga, nao wapishi wa bukari wanajua kwamba chekeche huangalia jambo moja tu, ukubwa wa chembe. Kupeta ni kazi ya ungo: nafaka hurushwa juu, upepo huchukua makapi, na mpetaji hurudia mara nyingi akitazama, kwa kuwa hakuna tundu la kipimo kimoja linalotenga punje na kapi. Mafundi wamezoea kusema kuchuja, na makala haya yatawafuata. Lakini itaonekana kwamba vichujio vya mwanzo vilikuwa chekeche, na vile vya baadaye vinafanana zaidi na ungo.

Kwa upande wa programu-jalizi, neno hili limetokana na kujaliza, yaani kutia mpaka kijae, kukamilisha kilichopungua. Ni programu ndogo isiyoweza kuishi peke yake. Hushikizwa kwenye programu kubwa mahali palipoachwa wazi kwa makusudi hayo, na programu kubwa huiita kila inapofika mahali hapo. Faida yake ni kwamba fundi wa chuo hahitaji kufungua na kurekebisha seva yenyewe, ambayo ni kazi ngumu na ya hatari. Huandika kipande chake kidogo, hukishikiza, na kisipofaa hukiondoa.

Mazungumzo ya mlangoni

Ili kuelewa kipande hicho kinashikizwa wapi, hapana budi kusikiliza mazungumzo ya seva mbili. Seva inayopeleka huanza kwa kujitambulisha kwa neno HELO au EHLO na jina lake. Halafu husema MAIL FROM, ikitaja anwani ya mtumaji. Halafu RCPT TO, ikitaja anwani ya mpokeaji, na neno hili laweza kurudiwa kwa wapokeaji wengi. Baada ya hapo husema DATA, hungoja ruhusa, kisha humimina barua nzima, vichwa na mwili, na kumaliza kwa mstari wenye nukta moja peke yake. Kila hatua hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito: 2 maana yake ni "sawa", 3 ni "endelea kunipa", 4 ni "siwezi sasa, rudi baadaye", na 5 ni "hapana kabisa".

Hapa kuna jambo ambalo watumiaji wengi wa barua pepe hawalifahamu. Majina yanayotajwa kwa MAIL FROM na RCPT TO ni ya bahasha. Majina ambayo msomaji anayaona juu ya barua yake ni ya karatasi iliyo ndani. Si lazima yafanane. Ndiyo maana mtu aweza kupokea barua ambayo jina lake halimo mahali popote, au barua iliyoandikwa jina la mkuu wa kitivo ilhali bahasha imetoka kwa mtu asiyejulikana.

Programu-jalizi inaweza kuitwa katika kila hatua ya mazungumzo haya, na fundi huamua aiweke wapi. Ikikaa mwanzoni, kwenye HELO au RCPT TO, ina ushahidi mdogo: namba ya kompyuta inayopiga, jina iliyojipa, na anwani mbili. Ila hukumu yake ni ya bei nafuu, kwa kuwa barua yenyewe haijapita. Ikikaa mwishoni, baada ya nukta, ina barua nzima ya kuchambua, lakini barua hiyo imekwisha kuvuka waya. Kwa chuo kinachopata intaneti kwa satelaiti na kulipia kila kiasi kinachoshuka, tofauti hiyo ni fedha. Barua taka yenye picha ya megabaiti mbili ikikataliwa kwenye RCPT TO hugharimu herufi mia chache. Ikikataliwa baada ya nukta imegharimu megabaiti mbili sawasawa na barua ya haki.

Sendmail, Postfix na milter

Seva ya barua iliyotawala mtandao kwa muda mrefu ni Sendmail, kazi ya Eric Allman wa chuo kikuu cha California huko Berkeley. Toleo lake la 8.10, lililotoka mwaka 2000, lilileta njia maalumu ya kushikiza vichujio iliyopewa jina la milter, neno lililoundwa kwa kubana pamoja maneno mawili ya Kiingereza, la barua na la chujio. Kwa mpango huo chujio halikai ndani ya seva. Ni programu nyingine kabisa, yenye uhai wake, inayozungumza na seva kwa waya wa ndani wa mfumo. Likianguka, seva haianguki nalo. Laweza hata kukaa katika kompyuta nyingine, jambo linalofaa pale ambapo mashine ya barua ni ya zamani na uchambuzi unataka nguvu nyingi.

Postfix, seva iliyoandikwa na Mholanzi Wietse Venema alipokuwa katika maabara ya utafiti ya IBM na kutolewa kwa umma mwaka 1998, ilikuwa na njia zake za kuchuja. Lakini kuanzia toleo la 2.3 la mwaka 2006 ilikubali pia lugha ya milter. Hivyo chujio lililoandikwa kwa ajili ya seva moja likaweza kuhudumu katika nyingine. Ziko pia seva ambazo karibu kila kiungo chake ni programu-jalizi, kama qpsmtpd iliyoandikwa kwa lugha ya Perl na Haraka iliyoandikwa kwa JavaScript, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kutabasamu kwa jina hili la pili. Hizo hazitachambuliwa hapa.

Katika milter, seva huliita chujio mara mpya kwa kila hatua: muunganisho, HELO, mtumaji, kila mpokeaji, kila kichwa cha barua, mwisho wa vichwa, kila kipande cha mwili, na mwisho wa barua. Kila mara chujio hujibu kwa mojawapo ya majibu machache: endelea, ikubali bila kuniuliza tena, ikatae, mwambie arudi baadaye, au itupe kimya. Mwishoni tu, barua ikiwa imekamilika, ndipo chujio linaporuhusiwa kuigusa barua yenyewe: kuongeza kichwa, kubadili mada, kuondoa kiambatisho chenye virusi, au kuiweka kizuizini ikakaguliwe na binadamu.

Majibu hayo matano hayana adabu sawa. Jibu la "ikatae" lina ukali lakini lina haki. Seva iliyopeleka huambiwa papo hapo, kwa namba ya 550 au 554 na maneno machache ya sababu, nayo humrudishia mtumaji habari kwamba barua yake haikupokelewa. Mtumaji mwema atapiga simu, atatumia anwani nyingine, atauliza. Jibu la "itupe kimya" humwambia mtumaji kwamba barua imefika, kisha huichoma. Mwanafunzi aliyeomba nafasi ya masomo husubiri jibu ambalo halitakuja, na profesa aliyepelekewa ombi humlaumu mwanafunzi kwa uzembe. Zipo hali chache ambapo kutupa kimya kunafaa, kwa mfano virusi vinavyojulikana kwa hakika. Nje ya hizo, fundi anayechagua jibu hilo ili kupunguza malalamiko ameyahamisha tu malalamiko kwa watu wasio na njia ya kuyafikisha.

Kuna pia kosa la upande mwingine. Seva hupokea barua kwa namba ya 250, halafu chujio lililowekwa nyuma yake hugundua kwamba ni taka na kumwandikia "mtumaji" taarifa ya kukataliwa. Kwa kuwa anwani za watumaji wa taka huwa za kughushi, taarifa hiyo humwendea mtu asiyehusika. Chuo kinachofanya hivyo hugeuka chenyewe kuwa chanzo cha taka. Ubora mkubwa wa milter ni kwamba hukumu hutolewa mlangoni, mletaji angali amesimama hapo.

Fundi lazima pia aamue jambo la mwisho kabla ya kulitia chujio kazini: chujio likifa usiku, seva ifanye nini? Yaweza kupokea kila kitu, kukataa kila kitu, au kuwaambia wote warudi baadaye. Postfix, isipoagizwa vingine, huchagua njia hii ya tatu, na uchaguzi huo ni wa busara.

Njia za chekeche

Vichujio vya mlangoni vyenye kuangalia bahasha peke yake ni vya aina nyingi. Kimoja hutumia orodha za namba za kompyuta zenye sifa mbaya, njia iliyoanzishwa na Paul Vixie mwaka 1997: seva huuliza orodha kupitia mfumo wa majina ya mtandao, na jibu huja kwa muda mfupi sana. Ubaya wake ni wa ujirani. Pale ambapo taasisi kadhaa na vibanda vya intaneti hutoka nje kwa namba moja ya satelaiti, kompyuta moja yenye virusi huwatia wote katika orodha.

Kingine, kilichopendekezwa na Evan Harris mwaka 2003, hutegemea jibu la "rudi baadaye". Kila mtumaji mgeni huambiwa mara ya kwanza, kwa namba ya 451, ajaribu tena. Seva ya haki hutunza barua na kurudi. Programu nyingi za taka za wakati ule zilikuwa hazirudi, kwa kuwa zilikimbilia anwani nyingine. Hila hii ni rahisi na ilifanya kazi nzuri. Lakini ilichukulia kwamba kila seva ya haki huwaka mchana na usiku. Kanuni za SMTP za mwaka 2008 zinashauri kwamba seva ingoje walau dakika 30 kabla ya kurudia, na isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Seva ya chuo kidogo, inayowashwa jenereta inapowashwa, hurudia kesho yake. Barua ya dharura hufika ikiwa imechelewa kwa siku nzima, ingawa hakuna aliyeikataa.

Mbali na hizo kuna njia za kuthibitisha utambulisho, SPF, DKIM na DMARC, ambazo zimeziba kwa sehemu lile pengo la mwaka 1982. DKIM hufanya kazi kwa sahihi ya siri ya hesabu inayobandikwa kwenye barua, na katika seva nyingi hubandikwa na kukaguliwa na milter iitwayo OpenDKIM. Njia hizo husema barua imetoka wapi. Hazisemi kama ni ya maana.

Chujio linaposoma maneno

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mwaka 2001 Justin Mason alitoa SpamAssassin, programu iliyoingia baadaye chini ya taasisi ya Apache. Haiamui kwa kosa moja. Ina mamia ya kanuni ndogo, kila moja na alama zake, nyingine za kuongeza na nyingine za kupunguza. Jumla ikifika 5, barua huhesabiwa kuwa taka, isipokuwa fundi amebadili kiwango hicho. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2004, SpamAssassin yenyewe hupokea programu-jalizi za Perl, na kwa kuwa mara nyingi nayo huitwa na milter, msomaji ana mbele yake jalizi ndani ya jalizi: seva huita milter, milter huita SpamAssassin, na SpamAssassin huita kipande cha mistari michache kilichoandikwa na mtu wa chuoni.

Kanuni nyingi hutafuta maneno. Kanuni isiyoangalia mipaka ya neno huleta aibu, kama ilivyotokea mwaka 1996 pale wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walipozuiwa kujiandikisha katika huduma ya AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba ndani yake herufi nne za tusi. Kiswahili nacho hakikusalimika. Neno "mashitaka", likiandikwa kwa i kama waandikavyo wengi, limebeba herufi nne ambazo Mwingereza haruhusu watoto wake kuzitamka. "Mshitakiwa" na "kushitaki" vivyo hivyo. Mwanasheria anayeandika kuhusu kesi huonekana mtukanaji. Kwa Kifaransa, "spécialiste" na "socialiste" yamebeba jina la dawa moja ya nguvu za kiume ambayo watumaji taka waliipenda sana. Dawa ya ugonjwa huu ni ndogo, alama moja ya mpaka wa neno katika kanuni, lakini mwandishi wa kanuni lazima ajue kwamba ugonjwa upo, na asiyejua lugha hatajua.

Ugonjwa mwingine hauponyeki kwa alama. Katika miaka iliyofuata 1997, barua za utapeli zilizagaa duniani zikijidai kutoka kwa mjane, mwana au jemadari wa Mobutu Sese Seko, zikiahidi mgawo wa mamilioni ya dola yaliyofichwa. Utapeli wa aina hii hujulikana kwa namba 419, kifungu cha sheria ya jinai ya Nijeria kinachohusu kujipatia mali kwa hila. Mbinu ni ileile, ila jina la Kongo lilifaa kwa kuwa liliaminika. Matokeo yake ni rahisi kuyafikiri. Kwa mpokeaji wa Ulaya ambaye barua zake zote zilizotaja Kinshasa zilikuwa za utapeli, jina la mji huo lenyewe likawa dalili. Barua ya mtafiti halisi, yenye maneno "Kinshasa", "mfuko", "dola" na "mshirika wa kigeni" katika ombi halali la fedha za utafiti, ilianza safari yake ikiwa na deni.

Hesabu ya Bayes

Jinsi jina la mji linavyogeuka dalili inaelezwa na njia ya tatu, ile iliyofananishwa hapo juu na ungo. Msingi wake ni kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza, iliyochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake. Ilitumiwa kwa barua pepe katika utafiti wa miaka ya 1990, na insha ya Paul Graham ya Agosti 2002 iliieneza kote. Chujio halipewi kanuni. Hupewa rundo mbili za barua, njema na taka, nalo huhesabu kila neno limeonekana mara ngapi katika kila rundo.

Tuseme kila rundo lina barua 200. Neno "urithi" limo katika barua taka 40 na barua njema 10, yaani 0.20 dhidi ya 0.05, uwezekano kwamba barua yenye neno hilo ni taka ni 0.20 kugawa kwa 0.25, sawa na 0.80. Neno "mtihani" limo katika taka 2 na njema 38, yaani 0.01 dhidi ya 0.19, hivyo 0.05. Barua yenye maneno yote mawili huhesabiwa kwa kuzidisha: 0.80 mara 0.05 ni 0.04, upande wa pili, 0.20 mara 0.95 ni 0.19, na 0.04 kugawa kwa 0.23 ni karibu 0.17. Mtihani umeuokoa urithi. Graham alipendekeza kutumia maneno 15 yenye msimamo mkali zaidi katika barua, na neno lisilowahi kuonekana alilipa 0.4, karibu na katikati, yaani halishitaki wala halitetei.

Hesabu hii ina uzuri wake, lakini imejengwa juu ya dhana ya sarufi ambayo haijatamkwa: kwamba neno ni kile kilicho kati ya nafasi mbili, na kwamba hurudi kwa sura ileile. Kwa Kiingereza dhana hiyo inakubalika. Kitenzi cha kutuma huko kina sura tatu nne. Kwa Kiswahili, kauli ya "tumia" yenye maana ya kumpelekea mtu kitu, ikipewa viambishi vya nafsi za mtenda na mtendewa pamoja na nyakati nne tu za na, li, ta na me, hupata sura zaidi ya 80: ninakutumia, ulinitumia, tutawatumia, wamemtumia. Ngeli za vitu hazijahesabiwa, wala ukanushi, wala urejeshi. Kwa chujio, kila sura ni neno geni. Hivyo barua ndefu ya Kiswahili safi huwa na vitenzi vingi visivyojulikana, ambavyo havisemi lolote, na hukumu huachiwa maneno machache yanayojirudia: majina ya watu na miji, tarakimu, maneno ya Kifaransa, na vichwa vya barua. Barua inahukumiwa kwa kila kitu isipokuwa kile ilichosema.

Dawa iko mikononi mwa wanaisimu kuliko ya mafundi. Programu-jalizi inayokata viambishi kabla ya hesabu ingeziweka sura zote za "tumia" katika kapu moja. Ujuzi wa kukata upo: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameunda tangu miaka ya 1980 mfumo wa kuchambua mofolojia ya Kiswahili, ukifuata nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi. Chujio halihitaji uchambuzi kamili namna hiyo. Hata jalizi linalokata kila neno katika vipande vya herufi nne au tano lingeona mara nyingi kwamba "tumia" imo, na lingeandikwa kwa siku moja. Lingekosea hapa na pale, likichanganya kutumia kwa maana ya kupeleka na kutumia kwa maana ya kufanyia kazi, jambo ambalo hata wasomaji wenye damu hufanya.

Ugumu utakuja kwingine. Barua za Lubumbashi haziandikwi zote kwa Kiswahili sanifu. Mwandishi mmoja huanza kwa salamu ya Kifaransa, huendelea kwa "batoto banaenda ku masomo", hurudi kwenye Kifaransa kwa mambo ya fedha, na kumaliza kwa Kiswahili cha Biblia. Kichambuzi kilichofundishwa "watoto" na "wanaenda" hakitatambua "batoto" na "banaenda" mpaka kiambishi ba- kiandikwe katika orodha yake.

Suala hilo huonekana wazi zaidi katika jalizi moja la SpamAssassin liitwalo TextCat, ambalo kazi yake ni kukisia lugha ya barua kwa kulinganisha vipande vya herufi. Halifanyi kazi mpaka liwashwe. Likiwashwa, fundi huandika lugha zinazokubalika, na barua ya lugha nyingine huongezewa alama za hatia. Fundi aliyeandika Kiingereza na Kifaransa peke yake, akidhani amewataja wote wanaoandika mambo ya chuo, ameifanya kila barua ya Kiswahili kuwa mshitakiwa. Kuirekebisha ni kuongeza herufi mbili, sw, ambazo TextCat inazijua tayari. Lakini kwa barua fupi, au barua yenye lugha mbili kwa pamoja, makisio hayo hayana mashiko, na pengine ni bora jalizi hilo lizimwe kabisa katika chuo ambacho watu wake huandika kama wanavyozungumza.

Mafunzo ya chujio nayo yanataka kazi ya mikono. Sehemu ya Bayes ya SpamAssassin haianzi kuhukumu kabla ya kuonyeshwa barua taka 200 na barua njema 200. Taka hazina uhaba. Barua njema 200 za Kiswahili lazima zitolewe na watu, na watu wana haki ya kusita: katika masanduku ya chuo mna maswali ya mitihani, habari za ugonjwa, madeni na ugomvi wa idara. Inafaa wajue kwamba tangu toleo la 3.0 chujio hutunza maneno yakiwa yamegeuzwa kuwa alama fupi zisizosomeka kwa macho, pamoja na hesabu zake, wala halitunzi barua yenyewe. Inafaa pia mafunzo yafanywe na mtu mmoja aliyekabidhiwa, barua zikifutwa baada ya kuhesabiwa.

Kwa mwalimu au mwanafunzi ambaye barua zake zimekuwa zikipotea, ushahidi mara nyingi uko karibu. Programu nyingi za kusomea barua zinaweza kuonyesha vichwa vyote vya barua, na seva yenye SpamAssassin kwa kawaida huongeza kimoja kiitwacho X-Spam-Status. Ndani yake imeandikwa jumla ya alama, kiwango kilichotakiwa, na jina la kila kanuni iliyogusa barua. Jina UNWANTED_LANGUAGE_BODY likionekana hapo juu ya barua ya Kiswahili, barua hiyo ipelekwe kwa fundi wa seva pamoja na vichwa vyake vyote, bila kupunguzwa, ili aone ni mstari upi wa kurekebisha.